Matembele mu Kioo ya Samaki

Hapana, Papa Gisa, macho yako haikukudanganya. Ni matembele. Matembele ya kweli, ile ya kupika na mawese, njo inaota mule mu kioo ya samaki. Na ule tilapia munene anakuangalia vile anaitwa Direkta, juu anakulaka wa kwanza na kazi hafanyake. Ikala, chai ingali ya moto. We unataka kuweka majani mu akwariumu ya kwako, basi sikia kwanza ile ilinipata, halafu utaamua.

Kioo hii ni ya zamani. Alinitengenezea Mudathiru, ule fundi wa vioo vya madirisha pale Kamembe, nyuma ya musikiti. Ilikala miaka mingi bila shida: mawe chini, maua ya plastiki, Direkta na badogo zake. Maji ilikuwa safi, muntu angeweza kusoma gazeti akiwa ngʼambo ya pili. Yenye anajua kusoma. Mi nilikuwa naangalia picha.

Shida ililetwa na dirisha. Mujukuu wetu Benitha alipata mwanaume, na jamaa ya mwanaume ikatuma habari: samedi, ile Jumamosi, tunakuya kubisha mulango, tunasikia kwenu kuna binti. Vénantie, bibi yangu, akasema bageni hawawezi kuikala mu giza kama panya. Tukatoboa ukuta, tukaweka dirisha kubwa upande wa ziwa. Jua ikaingia mu salon, haikusalimia muntu, ikaenda moja kwa moja kuikala mu kioo ya samaki. Haikukawia, maji ikakuwa kijani na nzito kama mulenda. Direkta hatukumuona tena. Ulikuwa unaona kivuli munene inapita, kama padri mu ukungu.

Vénantie akasimama mbele ya kioo, mikono ku kiuno.

"Mzee, ile si akwariumu tena. Ni supu."

"Itapona."

"Ipone mbele ya samedi. Bageni bakikuta ingali supu, mi nitamalizia kazi, nitatia vitunguu. Direkta ataenda mu mafuta, na pale pake nitaweka frigo."

We haumujui vizuri Vénantie. Jogoo yangu iliwikaka katikati ya sala ya jioni, mara moja tu, kesho yake tukaikula na ndizi. Kwa hiyo sikucheka.

Nikakimbia kwa Mudathiru. Nikamuambia nataka kumwanga yote na kufua mawe na sabuni. Akaweka chini ile almasi yake ya kukata kioo, akaniangalia kama muntu amesema anataka kufua mutoto na petroli.

"Mzee Niyonshuti, ukifua mawe, unaua samaki. Ule uchafu wa zamani mu mawe njo unasafisha maji. Ni kama nyungu ya bibi yako. Ukiikwangua mupaka ingʼare, mboga inakosa utamu."

"Na kijani?"

"Kijani iko na njaa. Inakula jua na mavi ya samaki. Funika dirisha na kitambaa, halafu utie mule majani ya kweli, yenye iko nzima. Itakula ile chakula mbele, kijani itakosa."

Hapo nikaelewa. Ni kama ku matanga. Bashemeki bakifika wa kwanza, majirani banakuta sahani tupu.

Mudathiru huyohuyo akanitafutia majani kule Bugarama, mu mifereji ya maji ya mupunga. Majani ndefu, laini, shina iko na tundu ndani. Nikataka kuitupa mu kioo palepale. Akanishika mukono.

"Pole pole, Mzee. Majani ya inje inafichaka bintu. Mayai ya konokono, miruba, nani anajua. Ni kama siye bote tukitoka Bukavu, ku mupaka. Lazima ipite ku duwani, ku forodha, kwanza. Weka mu basini na maji safi, kila asubuhi uisukutue na ubadilishe maji. Samedi uingize, lakini kidogo kidogo, usishtue samaki."

Basi nikafungua duwani yangu mu jiko, mu basini ya Vénantie ya kufulia. Kila asubuhi ninainama pale na miwani, ninapekua jani moja moja. Konokono nikiishika ninatupia kuku. Mi nilikuwa duwanye mukali, mulungula ilikulwa na kuku tu. Na mu salon, sababu ya kile kitambaa nilifunikia dirisha, maji ilianza kufunguka. Vendredi nikaona mukia ya Direkta. Nikamuambia, vumilia, mwanangu, kesho unapata bustani.

Samedi asubuhi nikaenda kwa kinyozi, anitengeneze zile nywele zilibakia. Kurudi, nikasikia harufu ya mawese tangu ku barabara. Shemeki yangu Bernadette, mukubwa wa Vénantie, alikuwa amefika kutoka Nyakabuye kusaidia kupika. Alileta mufuko muzima ya matembele, ingali imefungwa, iko mu pembe. Basini yangu ilikuwa imegeuzwa ku ukuta, inakauka.

"Bernadette, majani yangu iko wapi?"

"Yako? Iko mu nyungu, shemeki. Karibu itaiva."

"Ile ilikuwa ya samaki."

"Na samaki iko mule. Nimetia sambaza, ile dagaa ya ziwa."

"Bernadette, ile ni maua ya akwariumu."

Akafunika nyungu, pole pole, juu asinimwangie mvuke mu macho. "Maua gani? Ile mboga siye tunaikulaka tangu batoto, kule mu mupunga. Nimekuta imesukutuliwa vizuri, hata konokono moja haiko. Nikasema kumbe mu nyumba hii mwanaume amejifunza kuosha mboga, Mungu asifiwe. Sasa nitafungua mufuko yangu ya nini?"

Palepale Benitha akasema ba gari zimefika ku mulango.

Papa Gisa, muntu akizama anashika hata nyasi. Nikapasua ule mufuko, nikachukua matembele mukono mbili, nikakimbia mu salon. Kuisukutua nilisukutua, hata vile. Zingine nikachomeka katikati ya mawe, zingine nikaning'iniza juu, shina mu maji. Mikono ilikuwa ingali inatiririka maji nikisalimia bageni. Bakafikiri ni jasho ya furaha.

Musemaji wao alikuwa Mzee Ndayisaba, mukubwa wa baba ya ule kijana. We unajua batu ya kazi ile. Hawezi kusema tunataka binti. Alianza na ng'ombe, akapita ku mvua, akapita ku magoti yake. Na kwetu chakula haiguswe mbele ya maneno kuisha. Bageni banasikia sambaza ku pua, yeye angali ku magoti.

Halafu akanyoosha shingo. Alikuwa anaangalia nyuma yangu.

Nikageuka. Direkta alikuwa ametoka mu mawe. Anavuta jani ya matembele, anakata, anatafuna, macho ku bageni. Badogo zake banafuata. Karamu.

"Niyonshuti," Ndayisaba akasema, "siye tuko hapa tangu asubuhi na matumbo kavu. Mu nyumba hii benye hawana miguu njo banapakuliwa wa kwanza?"

Vénantie akaniangalia. Nikaona frigo mu macho yake.

"Mzee mwenzangu," nikasema, "hata samaki hapa inalishwa na shamba ya shemeki. Sasa fikiria vile binti ya hapa alilelewa."

Bakacheka. Ndayisaba akasimama, na bageni bote bakasimama nyuma yake, bakazunguka kioo. Akaweka pua ku kioo, Direkta akaweka yake.

"Nilikuwa na maneno ingine mingi," akasema, "lakini nitaomba tu bintu mbili. Ya kwanza ni binti. Ya pili ni huyu munene. Siku ya kuleta ng'ombe nataka kumukuta hapahapa, anakula mbele yangu tena. Munakubali?"

Kile mugeni anaomba mbele ya jamaa mbili, mulango ukiwa wazi, kwetu hakikatalwe nusu. Ni yote ao hapana. Benitha akamuangalia nyanya yake. Vénantie akakunja kitenge, akakunjua.

"Tunakubali," akasema. "Bote babili."

Bernadette akaingia na nyungu, akafunua. Mi sikutaka kudanganya bakwe siku ya kwanza, nikabaambia yote: duwani, basini, mufuko. Vénantie akafunika uso na mukono.

Ndayisaba akafikiri. "Kumbe siye tutakula bustani yake, na yeye anakula mboga yetu."

"Ni vile."

"Basi tuikale haraka, mbele hajageuza mawazo."

Bakavuta viti, bageni na siye, Benitha akapitisha maji ya kunawa, na bote tukaikala, tukakula.