Makala Iliyonukuliwa na Kila Mtu

Kazini walimwita Mama Panya, kwa kuwa alifuga panya weupe kwenye maabara ya ghorofa ya chini na harufu yao ilimtangulia kwenye lifti. Hakujali. Panya wananuka, na hawajifanyi hawanuki.

Ghorofa ya juu kulikuwa na mkuu wa idara, mwalimu wake wa zamani. Alimwita asubuhi moja kumpa habari njema: makala yake moja imenukuliwa na watafiti wengi kuliko makala yoyote iliyowahi kutoka katika jengo lile. Kamati ya vyeo ikikaa, uprofesa ni wake. Mkuu alifurahi utadhani ameandika yeye.

Makala yenyewe ilihusu dawa ya maji ya kikohozi, ile nyekundu wanayopewa watoto. Mama Panya aliwanywesha panya wachanga, akawapasua, akakuta maini yameharibika. Akaandika waziwazi kwamba dawa hii haitulizi kikohozi, inadhuru ini, na mtoto asipewe. Hapo hapakuwa na fumbo.

Akashuka na furaha yake, akaketi kuwasoma waliomnukuu. Wa kwanza alisema dawa imethibitishwa kufaa, na ushahidi wake ni Mama Panya. Wa pili alisema vivyo hivyo, kwa maneno yaleyale ya wa kwanza. Wa tatu alimnakili wa pili. Wasomi wazima na miwani yao, wamefuatana kama kondoo, na hakuna hata mmoja aliyejisumbua kuifungua makala. Sifa zake zote zilisimama juu ya uongo, na uongo wenyewe ulibeba jina lake. Mate yalimjaa mdomoni, akainuka kwenda kuyatema kwenye sinki.

Jioni alipita kwa mdogo wake. Mtoto alimkimbilia, mama mkubwa, mama mkubwa, huku anakohoa. Mezani palikuwa na chupa nyekundu. Mdogo mtu alieleza kwamba ameandikiwa na daktari wa watoto, tena daktari huyo alipojua dada yake ni nani, alimsifu sana kwa utafiti wake. Mama Panya aliimimina dawa chooni, akavuta maji mara mbili. Waliporudi hospitali kumpima mtoto ini, alikutwa salama.

Siku iliyofuata alipanda juu bila kuitwa. Alisema ataandika makala ya kusahihisha, na atawataja wote waliomgeuzia maneno. Mkuu aliinuka akafunga mlango.

"Utawaumbua watu, mwanangu, na baadhi yao ndio hao wa kamati. Pata cheo kwanza, halafu useme."

"Hata wewe Mwalimu umo. Umeninukuu mara kadhaa."

Mkuu alitabasamu, akakiri kwamba ni kweli.

"Uliisoma?"

"Nani ana muda wa kusoma, binti yangu? Sisi tunaandika."

Huyu ndiye aliyemfundisha kushika kisu cha kupasulia, na zamani alimrudishia kazi kwa kosa la nukta moja. Sasa Mama Panya alimwonea kinyaa, yeye na tai yake na vyeti vyake ukutani. Alitoka bila kuaga.

Akaandika. Ilikuwa makala fupi isiyopaka mafuta kwa mgongo wa chupa: dawa haifai, inadhuru, na waliosema vinginevyo hawakusoma. Alijua kwamba anakata tawi alilokalia. Jarida likaichapa, kamati ikakaa, jina lake likawekwa kando. Alilia, maana cheo kile alikitaka tangu ujana wake, kisha akanawa uso akarudi kwa panya wake.

Miezi ikapita. Mkuu akamwita tena juu, uso umemng'aa. Makala ya pili imeshika kasi, alisema, inanukuliwa kuliko hata ya kwanza. Kamati imejirudi, na cheo ni chake.

"Njia ya mwongo ni fupi, si unaona? Hongera, Profesa."

Kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya sinki, kile kichefuchefu kilimtoka. Kumbe watu wamesoma. Alishuka ngazi mbiombio, lifti aliiona inachelewa, ajionee kwa macho yake waliyoyaandika. Hata hajaketi, simu ikaita. Ni mdogo wake.

"Dada, mtoto kaanza kukohoa tena. Daktari kamwandikia ileile nyekundu. Nikamwambia dada yangu ameikataza."

"Akasemaje?"

"Akacheka. Anasema umeithibitisha mara mbili."