Mbwa wa Rangi Gani

Odilia alishasema hapana mara tano, na haikuwa hapana ya mama anayesubiri kubembelezwa. Mbwa anakula, mbwa ana viroboto, na yeye alikuwa na mgonjwa wa kumtosha. Mwanawe Nabor, wa miaka sita, alizaliwa na moyo mbovu. Akipanda ngazi za kanisa tu, midomo inageuka zambarau. Daktari wa mjini Oaxaca alisema wasubiri kuitwa kwa upasuaji. Walikuwa wanasubiri tangu mavuno ya mwaka jana.

Lakini mbwa jike wa jirani yao, Don Evodio, alikuwa amezaa, na Lucila, dada yake Nabor, alikuwa na miaka tisa na ulimi wa wakili.

"Mama, kuna mweupe mzuri huyo! Nitamwogesha mwenyewe."

"Wewe? Hata shingo yako huioshi."

Nabor alicheka mpaka akaishiwa pumzi, akaketi chini. Odilia akageuza chapati ya mahindi kwenye kikaango, akijifanya hakuona.

Pembeni ya jiko mama mkwe wake, Tomasa, alikuwa akipukuchua mahindi. Bibi huyu alikuwa na maoni kuhusu kila kitu, kuanzia chumvi ya maharage hadi usingizi wa padri, ila kuhusu mbwa alikuwa amenyamaza wiki nzima. Watoto walipotoka kwenda uani, akasema bila kuinua kichwa:

"Mchukue. Ila si mweupe. Mchukue mweusi."

Mkono wa Odilia ulisimama. Kijijini pale hakuna asiyejua. Ukifa unafika kwenye mto mpana, na huvuki bila mbwa. Mweupe anakataa, anasema ametoka kuoga. Mweusi anakubali, lakini anamvusha yule tu aliyemlisha kwa mkono wake tangu mdogo.

"Mama, usianze. Juzi tu ulinishinda kubeba kuni. Unaumwa wapi?"

"Siumwi popote."

"Sasa mbwa wa nini?"

"Mimi wangu ninaye. Moro, tuliyemzika mwaka aliozaliwa Lucila. Ananingoja huko, mvivu yule."

Odilia alielewa, na hasira ikampanda hadi masikioni.

"Ondoka jikoni kwangu!"

"Naondoka. Lakini fikiria, binti yangu. Mtoto wa miaka sita, peke yake, ukingoni. Atamwita nani?"

Mchana kutwa Odilia alijiambia kwamba wataitwa hospitalini, kwamba kumleta mbwa yule ni kukubali kwa mkono wake mwenyewe. Alimchukia mama mkwe wake. Alijichukia zaidi, maana tayari alikuwa anauona mto, na Nabor amesimama kwenye matope na kaptula yake ya bluu, akiita mama.

Alasiri akajitanda shali, akaweka mayai kikapuni, akapanda kwa Don Evodio.

"Hatimaye!" Don Evodio akacheka. "Lucila amekushinda kesi, eh? Huyu hapa mweupe wenu, nimeshamfunga utepe."

"Nipe mweusi."

Kicheko kikamkauka mzee wa watu. Akavua kofia, kama wanavyovua wanaume wa pale jeneza likipita, akamtoa kijibwa mweusi bila swali. Mayai alikataa kuyapokea.

Nyumbani Nabor alipiga kelele za furaha. Lucila alinuna kwa sababu ya rangi, lakini si kwa muda mrefu. Akanyakua chapati na kumkimbilia mbwa. Odilia akamdaka mkono kwa nguvu zaidi ya alivyokusudia.

"Wewe usimlishe. Asimlishe mtu yeyote ila Nabor."

"Kwa nini yeye tu?"

Odilia alipiga magoti, akamega kipande, akakiweka kwenye kiganja cha mwanawe.

"Polepole, baba. Kwa mkono wako. Mwache akulambe, akujue vizuri."