Zamu ya Upinde wa Umeme

Upinde wa umeme haukuwahi kuwepo. Wellars aliubuni kwa mdomo tu, juu ya kilima kimoja cha Kanama, mwaka 1998, yeye na wenzake watatu walipopewa zamu ya kulinda njia inayopanda kutoka barabara kuu hadi kwenye mahema ya watu waliokimbia makwao. Bunduki walikuwa nazo wanajeshi huko chini. Wao walikuwa na pinde za baba zao, mishale ya kuhesabika na baridi ya alfajiri inayotafuna mifupa. Mtu wa hali hiyo asipojichekesha atalia, na kulia kulikuwa kumeshawachosha.

Basi wakataniana. Wellars alidai kwamba wake umefungwa waya badala ya kamba, kwa hiyo adui hachomwi, ananaswa. Bahizi, aliyekulia Tanzania na kurudi na Kiswahili kilichonyooka kuliko cha wote, akasema wake ni wa mtu mzima: ukimgusa, anazima. Ngoga akaongeza kwamba wake ukikatika kamba, kilima chote kinalala gizani. Walicheka hadi wakashika mbavu, na ilikuwa mara ya kwanza kwa miezi mingi.

Wa nne, Mbonigaba, alikuwa mzito wa utani. Ukimwambia jambo la kuchekesha leo, anacheka kesho akiwa peke yake shambani. Mkewe, Kayitesi, alimtungia mzaha wakati wa kumenya viazi, naye akaja nao zamuni ameukariri kama katekisimu, akausema ukiwa umeshapoa. Wenzake walimcheka yeye, si mzaha. Hakuchukia hata siku moja.

Mwezi wa pili wa zamu mchezo ukageuka sheria. Kwenye kilima cha jirani, asubuhi ya ukungu, waasi wa msituni walipanda njia kama wenyeji. Mlinzi alipouliza ni nani, akajibiwa, ni Hakizimana. Hakizimana alijulikana na kila mtu, alikuwa akichinja mbuzi pale barabarani, na mlinzi akapisha. Kumbe Hakizimana mwenyewe alikuwa amelala mtaroni kule chini, ameulizwa jina kwanza, kisha akauawa. Waliokufa kilimani hapo walizikwa siku mbili mfululizo.

Ndipo Wellars akatoa shauri lake. Jina linaibwa, alisema, na neno la siri linakamuliwa kwa kipigo. Lakini utani mpya wa papo hapo hakuna wa kuuiba. Kwa hiyo anayepanda wakati ukungu umefunga ataitwa kwa mzaha wa upinde wa umeme, naye ajibu kwa mzaha mwingine. Ataitwa mara tatu. Baada ya hapo ni mshale.

Bahizi hakupenda. Aliuliza, "Na mtu akija amechoka? Akija na matatizo yake?"

"Aliyechoka ajibu vibaya," Wellars akasema. "Kujibu vibaya nako ni kujibu. Anayenyamaza si wetu."

Alikuwa mlengaji bora na fundi wa maneno, na watu wa aina hiyo huaminiwa upesi. Sheria ikapita. Kwa majuma matano ilifanya kazi vizuri, nasi binadamu tukishaona jambo linafanya kazi hatuliulizi tena.

Kisha binti wa Mbonigaba, Iribagiza, wa miaka minne, akashikwa na homa. Kayitesi alikuwa na kichanga, hakuweza kushuka, kwa hiyo baba akamfunga mtoto mgongoni kwa kitenge cha mama yake, akaanza safari ya hospitali ya Gisenyi. Wellars alikuwa lindoni walipopita. Mtoto alikuwa ameegemeza shavu, macho nusu wazi. Wellars hakujua la kusema mbele ya macho yale, na asiyejua la kusema husema alilolizoea.

"Bon, haya, urudi na kicheko cha mujini," akasema. "Kule iko courant, umeme ya kweli."

Mbonigaba akajitahidi kutabasamu. Akasema atajaribu.

Siku ya tatu ukungu ulishuka mzito kiasi kwamba Wellars hakuiona migomba iliyokuwa hatua tano mbele yake. Jioni iliyotangulia bunduki zilikuwa zimesikika upande wa Busasamana. Bahizi na Ngoga walikuwa kwenye kona ya juu. Akasikia miguu ikipanda, ya mtu mmoja, au wawili wanaokwenda sawasawa.

Akaita kwamba upinde wake una chaji tangu jana. Miguu ikasimama. Hakuna jibu. Akaita kwamba mwenye kuwashwa aje akunwe kwa waya. Kimya. Alisikia pumzi ya mtu, ya haraka, kama ya aliyekuwa akikimbia. Akaogopa, na si vibaya kusema hivyo. Mara ya tatu hakutafuta hata utani mzuri, alisema tu kwamba umeme unakuja.

"Ni mi," sauti ikasema. "Mbonigaba."

Haikuwa sauti ya Mbonigaba. Ilikuwa imekwaruzika, imekauka, ya mtu mwingine kabisa. Wellars akamkumbuka Hakizimana kule mtaroni. Akajiambia kwamba wamemkamata rafiki yake kwenye njia ya Gisenyi, wamemuuliza jina, na sasa wanapanda nalo. Nyuma yake mahema yalikuwa yamejaa watoto waliolala. Miguu ikaanza tena kuja. Akavuta kamba hadi sikioni, akaachia palipotoka sauti.

Alimkuta amekaa katikati ya njia, mshale umemwingia chini ya kifua, mikono imeushika kwa uangalifu kana kwamba ni wa kuazima. Alikuwa peke yake. Mgongoni hapakuwa na kitu. Kitenge kilikuwa kimekunjwa vizuri, kimewekwa begani.

Wellars akapiga magoti. Hasira ilimjia kabla ya uchungu. "Kwa nini hukujibu?"

"Nilikuwa natafuta," Mbonigaba akasema. Macho yake yalikuwa yamevimba, na sauti ile iliyokauka ilikuwa imekauka kwa kilio. "Tangu mujini, njia yote. Tumezika mutoto jana, na mi niko natafuta kicheko. Sikupata."

Bahizi alifika mbio. Hakumkumbusha Wellars neno lolote, na Wellars angependa akumbushwe, atukanwe, apigwe hata. Walijaribu kuzuia damu kwa kitenge. Mbonigaba alikata roho kabla ukungu haujainuka.

Bahizi akajitolea kwenda kwa mke wa marehemu. Wellars akakataa. Akapanda peke yake, akiwa ameuacha upinde njiani.

Kayitesi alikuwa nje ya hema, akipepea moto, kichanga mgongoni. Alipomwona akasimama, akauliza mtoto anaendeleaje. Wellars akaanza na habari ya mtoto, kwa kuwa kifo hicho hakikuwa cha mkono wake. Kayitesi akakaa chini polepole kwenye majivu. Alilia bila sauti, muda mrefu. Kisha akajifuta uso kwa kiganja, akauliza kwa nini Mbonigaba amemtuma mtu mwingine na habari kama hiyo, badala ya kuja mwenyewe.