Uso wa Bosi

Mwanamume wa Kiacholi haendi kuposa kifua mbele. Huingia ukweni kwa magoti, macho chini, na hapo mkekani hubaki mpaka wenye nyumba waseme, haya, wapeni viti. Ndivyo Santo alivyoingia Jumamosi hiyo sebuleni kwa Mzee Oola, kule Nakawa, suti ya kuazima ikimbana makwapa, na mjomba wake Ogwang akitambaa mbele yake kama kobe mwenye kitambi.

Swali moja tu alikuwa akiliogopa. Lakot, mchumba wake, alikuwa amemwonya mapema: "Baba alikuwa sajenti wa polisi. Kwake yeye mtu ni kazi yake. Akikuuliza, usijing'ateng'ate ulimi."

Mzee Oola hakuchelewa. "Mwanenu anafanya kazi gani?"

"Ana pikipiki," akajibu Ogwang.

"Pikipiki ni mali. Mimi nimeuliza kazi."

"Anabeba abiria, mzee."

"Hata mwanamke mjamzito anabeba abiria." Mashangazi wa Lakot wakaangua kicheko. "Kaajiriwa na nani?"

Ogwang akakohoa. Santo akahisi masikio yanawaka. Angesema nini? Kampuni iliyompa safari kwa simu ilimwambia tangu siku ya kwanza: wewe si mfanyakazi wetu, wewe ni mshirika wetu, uko huru. Huru! Huru kuamka jogoo hajawika, huru kununua petroli yake, huru kuvunjika mguu kwa gharama yake. Akikataa safari, simu inanuna na kumnyima nyingine. Akiugua, inamsahau. Hata koti lenye rangi zao alilinunua mwenyewe, akawatangazia biashara mgongoni mwake, jua na mvua.

Hapo ndipo simu ikatetemeka mfukoni.

Kampuni ile ilikuwa na desturi yake nayo. Wakati wowote iliweza kudai kuona uso wa dereva, ihakikishe kwamba aliyeshika simu ni yeye, si ndugu yake. Usipouonyesha papo hapo, umefungiwa nje. Santo akachungulia. Ndiyo hiyo: Tuonyeshe uso wako.

Akataka kuiacha. Kisha akamfikiria Lakot, aliyefichwa nyuma ya pazia la chumbani kama desturi inavyotaka. Atamlisha nini? Basi, akiwa vile vile amepiga magoti, akainua simu mbele ya pua yake na kukodoa macho.

"Ala!" akamaka shangazi mmoja. "Anajipiga picha! Mbele ya wakwe!"

"Mwache amalize, labda atatupiga na sisi."

"Kijana," akasema Oola taratibu, "huo ni utani?"

"Hapana, mzee. Bosi anataka kuniona uso."

"Bosi gani?"

"Wa kazi."

"Na yeye, sura yake ikoje?"

"Sijawahi kumwona."

Mzee akawageukia watu wake, macho yakimcheka. "Kitendawili!"

"Tega!"

"Bwana wangu ananiona, mimi simwoni. Ananiita wakati wowote, mimi nikimwita haitiki."

"Mungu!" wakajibu mashangazi kwa pamoja.

"Mungu akiitwa anaitika. Mmeshindwa, nipeni mji!"

"Tumekupa Nakasero yote!"

"Nimekwenda Nakasero, nimekula, nimeshiba. Jibu ni bosi wa huyu kijana."

Nyumba ikalipuka kwa vicheko. Katikati ya vicheko hivyo simu ikajibu: Uso haulingani. Jasho, suti na giza la sebuleni havikufanana na yule mtu wa koti iliyemzoea. Santo akajaribu tena. Haulingani. Kisha: Akaunti yako imefungwa. Asante kwa kuwa mshirika wetu.

Santo akasimama.

Vicheko vikakatika kama vimekatwa kwa panga. Mposaji hasimami kabla hajaruhusiwa. Hilo ni tusi. Ogwang akamvuta suruali, wapi!

"Mmecheka vya kutosha," Santo akasema, na sauti yake ikapasuka. "Mmeniuliza kazi. Nilikuwa nayo nilipoingia mlango huo, sasa hivi sina. Mwaka mzima nimewapeleka watu wa mji huu hospitali, sokoni, kanisani, na leo wanasema uso wangu si wangu! Uso huu alionipa mama yangu! Nimwendee nani? Nimgongee nani mlango?"

"Keti chini!" akafoka Oola. "Mwanamume asiye na kazi ya kutaja jina anakuja kwangu kupiga kelele?"

"Na wewe yako inaitwaje, Oola?"

Aliyeuliza ni Joska, mkewe, mama yake Lakot. Alikuwa amesimama mlangoni na mwiko mkononi.

"Mama Lakot, si mahali pake hapa."

"Ni mahali pake. Juzi ulikaa kwenye kiti hicho hicho umefunga buti, ukingoja kampuni ya ulinzi ikupigie, mpaka miguu ikavimba. Ilikupigia? Na ikikuita, sare si unaivua getini mwenzako aivae ingali na joto lako? Jina lililoshonwa kifuani ni la nani? Si la Yasiin waliyemfukuza? Haya, waambie wageni. Wewe ni Oola au Yasiin?"

"Mambo ya chumbani hayo, mke wangu."

"Si ya chumbani. Ni ya tumboni."

Mzee Oola alitazama mikono yake, na mshipa wa shingoni ukamcheza. Aliponena, hasira ilikuwepo bado, ila ilikuwa imegeuza uso.

"Nani alikwambia usimame?"

"Hakuna, mzee."

"Faini mbuzi mmoja. Atatoa mjomba wako."

"Mimi nimefanya nini?" akalia Ogwang.

"Kwetu tunapiga magoti kwa heshima, kijana, kwa sababu unatuona na sisi tunakuona. Lakini hao! Umewapigia magoti hao ndani ya nyumba yangu, na bado wamekufukuza!" Akapiga meza. "Leteni viti! Huyu ni mkwe wangu, na mkwe wangu hafukuzwi sebuleni kwangu na mtu asiye na sura! Ofisi yao iko wapi?"

"Sijui, mzee. Hawakutuambia kamwe."

Pazia likafunguka. Lakot akatoka, hakungoja kuitwa, akasimama kando ya Santo, amekunja uso kama mama yake. "Kesho kutwa tunakwenda wote," akasema.

"Tutakwenda," akasema Mzee Oola, akainama kuanza kutafuta buti zake chini ya meza. "Nimekuwa polisi. Nimewahi kukamata watu waliojificha vizuri kuliko hao."