Zinki ya Pikapu ya Gikunda

Gikunda wa Kanyakine alikuwa amepata kamshafti ya mwisho, chuma kinachofungua vali za injini, iliyofaa pikapu yake kuukuu ya kubebea ndizi, na fundi alikuwa ameshaifunga. Ikisagika, gari lingegeuzwa banda la kuku.

"Fundi Purity, mimina hii zinki ya kulinda vyuma, chupa nzima," alisihi.

"Kwani ni supu, mzee? Oili hii ya injini za zamani imeshatiwa zinki ya kutosha. Ikipungua, vyuma vinasagana, ikizidi, inavitafuna."

Purity alimrudishia chupa bila kuifungua, akawasha injini, akaja mbele na kuvuta kebo ya mafuta kwa mkono kwa kasi ya wastani, sikio karibu na injini. Gikunda alisubiri kusikia vyuma vikigongana. Injini ilinguruma kwa ulaini. Alikuwa amekutana na mafundi wengi hodari wa kuongeza vitu. Huyu alijua kipimo.

"Kapakie ndizi zako," Purity akasema.