Ararati Yapanda Daraja

Mlinzi mpya alipomkataza kuanika jezi kwenye seng'enge ya kiwanda, Agnela alikuwa ameshatundika zote isipokuwa ya kipa. Ilikuwa Jumatatu asubuhi, jua la Elerai limeanza kukolea, na jezi zilikuwa bado zinachuruzika maji.

"Dada, toa hizo," mlinzi alisema. "Kuanzia leo hii ni mali ya mwekezaji."

"Seng'enge au jezi?"

"Seng'enge. Na uwanja, na kiwanda. Jezi sijaambiwa."

Agnela alizitoa, akazirudisha nyumbani zikiwa mbichi na kumweleza mumewe. Mumewe, Romanus, alikuwa nahodha wa Ararati, timu ya mpira ya kiwanda. Mpaka mwezi uliotangulia alikuwa pia fundi wa mitambo ya kufumia mablanketi, kabla wafanyakazi wote hawajapunguzwa.

Timu ilianzishwa na Injinia Hranti, Mwarmenia aliyekuja miaka ya sabini kufunga mitambo ile. Ujanani aliwahi kuwa winga wa klabu ya mji wao. Aliwasimulia vijana wa kiwandani kwamba ukikaa kwenye jukwaa la uwanja wa kwao, unauona mlima mkubwa wenye theluji, unaoitwa Ararati. Ulichorwa kwenye beji ya klabu, uliimbwa kwenye nyimbo za mashabiki, lakini ulikuwa ng'ambo ya mpaka na hakuna mchezaji aliyewahi kuukanyaga. Asubuhi moja wingu lilifunguka juu ya Elerai, akauona Mlima Meru mzima kuanzia miguuni hadi kileleni. Akaweka spana chini, akatoka nje, akapima uwanja kwa miguu yake, kisha akaenda kwa meneja kuomba mpira.

"Huu mlima wenu unafikika," aliwaambia vijana. Mkataba wake ulipokwisha alirudi kwao, jina likabaki. Ararati walitwaa ubingwa wa mkoa, wakaupoteza, wakautwaa tena. Wafanyakazi wa zamu ya usiku walikuwa wanatoka kwenye mitambo na kwenda moja kwa moja jukwaani, pamba bado imewaganda kwenye nywele. Halafu biashara huria ikaruhusiwa, mablanketi ya nje yakajaa sokoni kwa bei ya kutupa, na kiwanda kikauzwa.

Jumanne asubuhi Romanus alikwenda kuutazama uwanja, akakuta haupo. Palikuwa na shimo la udongo mwekundu lenye kina cha magoti.

"Umeondoka alfajiri," mlinzi alimwambia. "Niliusimamisha nikaudai hati ya kutolea mzigo. Haukuwa nayo. Ukapita juu ya seng'enge."

"Ukaelekea wapi?"

Mlinzi alinyoosha mkono upande wa mlima.

Uwanja ulifikia Akheri, kijiji cha mlimani, shambani kwa Susana, mjane wa Kimeru mwenye kahawa na migomba kwenye mteremko. Susana alitoka na ndoo yake kwenda kuchuma, akakuta mteremko umekuwa tambarare, chokaa imenyooka na magoli yamesimama. Kahawa yake ilikuwa imesogezwa pembeni ikajipanga kuuzunguka uwanja, na hakuna hata tunda moja lililodondoka. Alichuma kama kawaida. Aliona kwamba kuchuma kwenye tambarare hakuchoshi kama kwenye mteremko. Jumapili, baada ya ibada, mzee wa kanisa alisoma matangazo: kuna harusi ya kijana wa mtaa wa juu, kuna mchango wa mabati, na kuna uwanja wa mpira umeonekana kwa mama Susana, mwenyewe ajitokeze.

Habari ilishuka mjini pamoja na akina mama wa ndizi. Jumatatu Romanus alifika Akheri na timu nzima.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Ndio nyinyi wenye uwanja?"

"Ndio sisi, mama."

"Basi uchukueni."

Kipa wao, Loserian, Mwarusha wa Olmotonyi mwenye mikono mirefu, aliinama akainua pembe moja. Ikanyanyuka kama mkeka, kisha ikamlegea mikononi na kurudi chini taratibu.

"Umechoka," Susana alisema. "Umepanda mlima wote huu. Uacheni upumzike, mchezee hapahapa. Ila kahawa isikanyagwe, na Jumapili hakuna mpira mpaka ibada iishe."

Walikubali. Katibu wa chama cha mpira alipokuja kukagua, swali lake lilikuwa moja tu, kama timu ya Elerai inaruhusiwa kuwa na uwanja wa nyumbani Akheri. Alichota udongo, akaunusa. "Huu ni wa Elerai," alisema, akaupitisha.

Mwekezaji naye alikuja. Alikuwa mtu mpole, mwenye suti ya kijivu, na alimwamkia Susana kwa heshima zote. Alieleza kwamba alinunua ardhi pamoja na vyote vilivyo juu yake.

"Beba tu, mwanangu," Susana alisema. "Angalia kahawa."

Vibarua waliukunja uwanja, wakaupakia kwenye lori, wakautandika Elerai jioni. Asubuhi ulikuwa Akheri, umelowa umande. Waliubeba tena, ukarudi tena. Safari ya tatu dereva alikataa, akasema hawezi kusafirisha mzigo unaomtangulia nyumbani. Mwekezaji alifikiria bei ya dizeli, akaachana nao. Alimwaga zege kwenye shimo, akajenga ghala juu yake. Mitambo ya Injinia Hranti aliiuza kama chuma chakavu. Halafu, kwa kuwa alipenda mpira, akaanzisha timu yake mwenyewe, Modern Stars, akainunulia viatu vipya na basi.

Msimu ule Modern Stars na Ararati walifika mechi ya mwisho wakiwa na pointi sawa, na timu ya kupanda daraja la kwanza ilikuwa moja. Usiku wa kuamkia mechi hakuna aliyelala vizuri nyumbani kwa Romanus.

"Kaka yangu ametuma ujumbe tena," Agnela alisema. "Anasema Mererani kuna nafasi kwenye shimo lake la tanzanaiti."

"Baada ya msimu."

"Na mkifungwa?"

Wachezaji walikuwa wanakula mlo mmoja kwa siku, na beki wawili walishafunga mizigo ya kurudi kwao Rombo. "Tukifungwa, hakuna Ararati," Romanus alisema. "Nitakwenda."

Akheri ilijaa kuliko siku ya Krismasi. Watu wa Elerai walipanda kwa miguu, na waliokosa nafasi walisimama kati ya miche ya kahawa, wameikumbatia isivunjike. Ararati walipata bao mapema. Mpira ulipigwa bila nguvu, beki wa Modern akauacha utoke, lakini haukutoka. Ulipinda, ukajiviringisha wenyewe mpaka wavuni. Watu walishangilia. Romanus hakushangilia. Alitazama ndoo ya maji pembeni mwa uwanja, akaona maji yamelalia upande mmoja. Uwanja ulikuwa umeinama kuelekea goli la Modern Stars.

Wakati wa mapumziko alimwendea mwamuzi.

"Uwanja umetusaidia," alisema. "Lile bao lifute."

"Sheria inakataza mchezaji wa kumi na mbili," mwamuzi alijibu, "lakini hakuna sheria ya uwanja. Bao ni bao."

Romanus alirudi katikati, akapiga magoti, akaweka kiganja kwenye nyasi. "Tunakushukuru," aliuambia. "Lakini hii tuachie sisi. Tukishinda hivi, watasema siku zote kwamba si sisi."

Nyasi hazikutikisika. Ndipo Susana akasimama kwenye kiti chake.

"Wewe!" alipaza sauti. "Lala sawasawa, watu wanakutazama!"

Uwanja ukajinyoosha. Maji kwenye ndoo yakatulia.

Kipindi cha pili Modern Stars walisawazisha upesi, bao safi la kichwa, na Ararati wenyewe walilipigia makofi. Walibanwa mpaka miguu ikawa mizito. Karibu na mwisho beki mmoja wa Rombo aliunawa mpira kwenye eneo la hatari, ikawa penalti. Loserian alipanua mikono. Mpigaji alipiga chini, kushoto, kwa nguvu zote, na Loserian alikuwa ameshalala hukohuko, akaudaka kabisa, akainuka nao na kuurusha mbali. Romanus alikuwa anakimbia. Alikuwa na miaka thelathini na sita na mapafu yaliyojaa vumbi la pamba, lakini alikimbia. Aliupokea kifuani, akampita mmoja, akapiga kabla kipa hajasogea. Wavu ukajaa.

Kishindo cha furaha kilisikika mpaka Tengeru. Akina mama wa Kimeru walipiga vigelegele, wa Kichaga wakaitikia, Agnela akaingia uwanjani na kanga mkononi akamfuta mumewe jasho huku analia na kucheka. Walimbeba Loserian juu juu wakiuzunguka uwanja mara nyingi. Susana alitoa masufuria ya loshoro, mahindi na maziwa mgando, watu wakala wamesimama. Mwekezaji alimpa kila mchezaji wa Ararati mkono, akasema mechi ilikuwa nzuri, na ilikuwa nzuri kweli. Beki wawili wa Rombo walifungua mizigo yao.

Wiki iliyofuata wachezaji wa daraja la kwanza waliamka mapema kutafuta kibarua. Loserian alipata kwenye ghala la mwekezaji. Wengi wa vibarua pale walikuwa wafumaji wa zamani.

"Ile penalti ulijuaje upande?" mwekezaji alimuuliza.

"Alitazama kulia kwa muda mrefu mno."

"Hongera sana," mwekezaji alisema, akamwonyesha lori lililosimama mlangoni. "Mzigo ni huo. Mablanketi kutoka nje. Yashushwe kabla ya saa sita."

Kibarua aliyekuwa juu ya lori alirusha belo la kwanza. Loserian aliruka, akalidaka hewani kwa mikono miwili, na wafumaji wote wakapiga kelele kama siku ile. La pili akalidaka kwa mkono mmoja. Watu wa barabarani walianza kuingia kutazama, wakajipanga ukutani, wakaimba jina lake kwa kila belo. Mwekezaji aliwaomba wapunguze sauti, hawakupunguza. Kabla ya saa sita lori lilikuwa tupu, na lingine lilikuwa linasubiri nje, nalo likiwa na mablanketi. Wakaliita liingie.