Meno Mapya ya Hakimu

Katika karakana ile ya kushona sare za shule, hakuna aliyetoka kwenda kula mchana kabla ya kumuuliza Hakimu. Jina lake halisi lilikuwa kwenye kitambulisho na huko ndiko lilikobaki. Hili la Hakimu alipewa na mafundi kwa sababu ya hukumu zake. Alikuwa mkataji, mama mtu mzima mwenye mabega mapana, na kutwa nzima alisimama mbele ya meza ndefu, mkasi mkubwa mkononi, akiisema migahawa bila kuinua macho kwenye kitambaa.

"Leo tunakwenda pale mkabala na benki," fundi mmoja angesema.

"Nendeni. Viti vizuri sana. Ila ule wali umepikwa na mtu aliyegombana na mumewe asubuhi."

"Na pale penye pazia jekundu?"

"Supu nzuri, mkate wa juzi. Mkibeba mkate wenu mtakula vizuri."

Ulipofunguliwa mkahawa mpya wa ghorofani, wenye taa za kuning'inia na menyu nene kama kitabu cha sheria, alikwenda, akala, akarudi akasema keki yao ingefaa kusugulia masufuria. Mafundi wakavunjika mbavu. Hakuna aliyezipanda tena ngazi zile.

Wala hakuwa na roho mbaya. Alipenda kula, basi, kama wengine wanavyopenda mpira. Kila Jumamosi, nguo zikishaanikwa, alitoka na wifi yake, mjane wa marehemu kaka yake, ambaye walikuwa wakiishi nyumba moja tangu msiba ule. Wifi alifanya kazi kwenye chumba cha kufulia mashuka hospitalini. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, vidole vimekunjamana kwa maji, na alikula chochote alichowekewa. Hakimu alimpenda kwa hilo, ingawa alimtania kwamba ana ulimi wa kukopa.

Walizunguka sehemu nyingi, lakini mwisho wa yote walirudi kwa Kikaango. Huyu alikuwa na chumba kimoja cha kuuzia chakula nyuma ya soko, meza chache, benchi nje, na yeye mwenyewe mbele ya jiko, taulo begani, akikaanga samaki. Walijuana tangu wote wawili wana nywele nyeusi.

"Huyu, samaki humgeuza mara moja tu," Hakimu alizoea kueleza. "Wengine humgeuzageuza kama kuna kitu wamekidondosha chini yake."

Basi meno yakamletea balaa. Yalianza kulegea moja moja, fizi zikavimba, usingizi ukapotea. Daktari wa meno alichungulia, akaguna, akasema ya juu yote hayana budi kutoka. Yakatoka. Msimu mzima wa mvua Hakimu aliishi kwa uji na viazi vya kuponda, akingoja fizi zikauke. Hakutaka mtu amwone. Kazini alijifunga kitambaa puani na mdomoni, akisingizia vumbi la pamba. Nyumbani alichukua bakuli lake akaingia chumbani na kufunga mlango, na wifi akabaki mezani peke yake na redio.

Meno mapya yalipokuja, yalikuwa meupe, yamejipanga kama askari wa gwaride. Karakana nzima ilipiga makofi.

"Hakimu, umerudi usichanani!"

"Jumamosi tunaanza," alimwambia wifi jioni ile. "Nina njaa ya tangu mwaka jana."

Walianza na kuku wa kuchoma wa pale kona. Hakimu aliuma, akatafuna, akatafuna tena. Lile pande la juu la meno lilifunika kaakaa lote kama dari jipya, na kila alichoweka mdomoni kilikuja na ladha moja, ya kitu kilichotoka kiwandani. Lakini yeye hakuliwaza hilo. Daktari alimwambia atazoea, na siku zilikuwa zimepita, na alijiona amezoea.

"Wamebadilisha mpishi," alisema.

"Yule pale si yuleyule?" wifi aliuliza.

"Basi amechoka. Kuku huyu ni ubao."

Jumamosi iliyofuata walikwenda kunywa chai na maandazi kwa mama mmoja jirani na posta. Chai ikawa maji ya kuoshea vikombe. Iliyofuata, supu ya penye pazia jekundu ikawa kama nyumba isiyo na mtu ndani. Kila mara Hakimu alirudi nyumbani akiwa hoi kuliko alivyotoka, akakaa kitini bila kuvua viatu, akisema mji huu umeharibika, watu hawapiki tena, wanapasha tu moto.

Kwa Kikaango alikwenda na tumaini lake lote lililobaki. Kikaango alipomwona aliacha jiko, akaja kumshika mkono kwa mikono miwili.

"Dada! Nilijua umehama."

Akamletea samaki mwenyewe, mkubwa, akasimama pembeni kusubiri. Hakimu alitafuna. Hakuna kitu. Aliongeza chumvi, akatafuna upande wa pili. Hakuna. Machozi yalimlenga, na kwa kuwa hakutaka kulia mbele za watu, akakasirika.

"Kikaango, huyu samaki umemfanya nini?"

"Nimemkaanga, dada. Kama siku zote."

"Si kama siku zote. Umeanza kubania. Au mafuta ya wiki iliyopita, au samaki wa kulala. Mimi si wa kudanganywa."

Chumba kizima kilimsikia. Vijiko vilisimama. Kikaango alichukua sahani polepole, akaitazama kama anayeangalia barua iliyoletwa nyumba isiyo yake, akarudi nayo jikoni. Wifi alimaliza samaki wake, akafungua pochi na kulipa.

Jumatatu, pale karakanani, waliulizana waende wapi.

"Popote," alisema Hakimu, mkasi ukila kitambaa, "isipokuwa kwa Kikaango. Yule amekwisha."

Alitamka kwa uchovu tu, kama mtu anayesema mvua inakuja. Lakini mafundi walikuwa wengi, na ndio waliojaza benchi la Kikaango mchana. Walihamia kwa muuza wali aliyefungua dirisha karibu na lango la karakana.

Aliyeona matokeo yake ni wifi. Njia yake ya kutoka hospitalini ilipita nyuma ya soko. Siku ya kwanza alikuta benchi tupu, akadhani ni mapema. Siku ya pili vilevile. Siku nyingine alimkuta Kikaango amekaa kwenye benchi lake mwenyewe, taulo mapajani, akiangalia watu wanaopita. Wifi aliagiza samaki wawili, wakafungwa kwenye karatasi, akaenda nao nyumbani.

Alimkuta Hakimu jikoni anaponda viazi.

"Nimeleta samaki."

"Wa wapi?"

"Kwa Kikaango."

"Wifi, hela yako unaitupa."

Wifi alishusha mkoba begani, akakaa. Siku hiyo alikuwa amekunja mashuka tangu alfajiri na mgongo ulikuwa unamuuma.

"Nikuambie kitu, usinune," alisema. "Kuku hakuwa ubao. Nilimla. Chai haikuwa maji, niliinywa. Na huyu samaki ni yuleyule tuliyekuwa tunamla kaka yako akiwa hai. Migahawa yote mji mzima haiwezi kuharibika kwa mpigo mmoja, wifi. Kilichobadilika ni kimoja tu, na kimo mdomoni mwako."

Hakimu aliacha kuponda. "Kwa hiyo mimi ndiye mwongo?"

"Sijasema mwongo. Nimesema meno."

"Wewe unajua nini kuhusu ladha? Hata nikikuwekea karatasi utakula!"

"Nitakula," wifi alisema. "Lakini nitajua kuwa ni karatasi."

Sufuria ilichemka, hakuna aliyeipunguzia moto. Mwishowe Hakimu aligeukia sinki, akampa wifi kisogo, akaingiza kidole gumba mdomoni na kuyavuta yale meno ya juu. Yalitoka kwa mlio mdogo. Aliyasuuza, akayaweka kwenye kikombe. Alisimama hivyo kwa muda, mikono kwenye sinki, kwa sababu kugeuka kulikuwa kugumu.

"Geuka tu," wifi alisema. "Mimi nafua mashuka ya hospitali. Unadhani kuna nini sijaona?"

Akageuka. Mdomo wa juu ulikuwa umebonyea, na uso umezeeka ghafla. Wifi hakumkodolea macho. Alikuwa amekwisha kufungua karatasi na kuchambua miba, akamsogezea kipande laini cha tumboni. Hakimu akakiweka ulimini na kukibana juu kwa kaakaa tupu.

Akafumba macho.

Alikuwepo. Yule samaki mzima mzima, na chumvi yake, na ule ukali kidogo wa ngozi iliyokauka. Ila nyuma yake kulikuwa na kitu kigeni.

"Mafuta," alisema, maneno yakimtoka kwa upepo. "Amebadilisha mafuta."

"Wewe bado unatafuta makosa?"

"Wallahi, wifi. Samaki mzuri, mafuta si yale."

Jumamosi walikwenda mapema, kabla ya watu. Kikaango alimsalimia bila kutoka jikoni. Hakimu alimfuata hadi mlangoni, na meno yake mdomoni, maana bila hayo asingeweza kutamka vizuri alichokuja kusema.

"Kikaango, samaki wako hakuwa na kosa. Ni haya meno. Yananiziba, sionji kitu. Nimekusema vibaya mbele za watu, na kazini pia nimekusema. Nisamehe."

Kikaango alifuta mikono kwa taulo, muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Ungeniambia tu, dada. Mimi baada ya maneno yale sikulala. Nimeacha mafuta niliyoyazoea nikanunua ya bei kubwa, nikidhani ndiyo yaliyokuwa na kosa. Haya mapya yananiunguzia kila kitu."

"Nimeyasikia."

"Si umesema huonji?"

Hakimu alitoa leso, akageuka kidogo, akatoa meno na kuyafunga humo. Kisha akanyoosha mkono. Kikaango alimtazama, akamtazama wifi, akakata kipande na kumpa.

"Rudisha ya zamani," Hakimu alisema baada ya kuonja. "Haya yana ladha ya mshumaa."

Kikaango alicheka, lakini si sana. "Na wale watoto wa karakana?"

"Nitawaambia."

Aliwaambia. Wachache walirudi. Wengine walisema pale dirishani ni karibu zaidi, tena siku hizi joto kali, nani atatembea mpaka nyuma ya soko. Hakimu hakuwalaumu, alikuwa amewatoa kwa sentensi moja, kumbe kuwarudisha ni kazi nyingine. Walipomuuliza kuhusu sehemu nyingine, alijibu kwa mkato. Kuku wa pale kona? Mzuri. Chai ya posta? Nzuri, nendeni. Fundi mmoja alilalamika kwamba Hakimu amekuwa hana utamu.

Meno alivaa kazini na kwenye misiba. Kwa Kikaango aliyaweka mfukoni, akakaa meza ya ndani karibu na jiko, uso akiuelekeza ukutani, wifi mbele yake akichambua miba.

Jumamosi moja mvua iliwakuta humo. Wateja walikuwa wawili tu, nao walikwishaondoka. Kikaango alizima jiko, akavuta kiti, akakaa mezani kwao, jambo ambalo hakuwa amelifanya miaka yote ile.

"Miguu," alisema.

"Pole," Hakimu alisema, mdomo umejaa.

Wifi alisogeza kiti kilichokuwa kitupu kando yake mpaka mbele ya Kikaango, na Kikaango akavua kandambili, akainua miguu yake mmoja mmoja, akailaza juu yake.